RAID 5 imegoma kuamka baada ya umeme kukatika mara tatu, video za harusi zimo ndani

BintiKibirizi

Wakuu, habari za jioni. Naandika kwa simu maana kompyuta yenyewe ndiyo mgonjwa.

Nina kistudio changu Mwanga, hapa Kigoma mjini. Napiga video na picha za harusi, sendofu, na msimu wa shule napiga mahafali. Nilichoka kununua diski za nje zinazokufa moja baada ya nyingine, nikaamua kujifungia seva: kasha la kompyuta ya mtumba, Ubuntu 22.04 kwenye SSD ndogo, na diski nne za TB 2 nilizoziunganisha kwa mdadm (programu ya Linux ya kuunganisha diski) kuwa RAID 5, yaani kundi moja linalovumilia diski moja ikifa. Siku ya kwanza ilipokubali nilijiona fundi kweli kweli.

Ijumaa nilikuwa nashusha memori kadi za harusi moja ya Ujiji. Umeme ukakatika. Ukarudi. Mashine haijamaliza kuwaka, ukakatika tena. Mara ya tatu nikachomoa waya ukutani kwa hasira. UPS ninayo, ila betri yake ilikufa tangu masika, siku hizi ni meza ya kuwekea kikombe cha chai.

Jumamosi nilipowasha ikasimama kwenye skrini nyeusi, "emergency mode". Nikaweka alama ya # kwenye mstari wa md0 (jina la hilo kundi) ndani ya fstab, faili inayoorodhesha diski za kufunguliwa mashine inapowaka, ikawaka. Lakini folda ya /kazi ni tupu, na /proc/mdstat, inayoonyesha hali ya RAID, inasema hivi:

```
md0 : inactive sdb1[0](S) sdc1[1](S) sdd1[2](S) sde1[4](S)
```

Nikafanya --stop, halafu `mdadm --assemble --scan`, ikajibu "assembled from 2 drives - not enough to start the array".

Sielewi mambo mawili. Kwanza hiyo (S), ina maana diski zote nne zimegeuka kuwa za akiba? Pili, kama zinahesabiwa kuanzia 0, ya nne si ingekuwa 3? Hiyo 4 imetoka wapi, diski ya tano ni ya nani?

Kibaya zaidi, kadi mbili kati ya nne nilishazifuta kwa ajili ya kazi ya Jumamosi. Mama wa bwana harusi ameshanipigia mara mbili. Naombeni msaada.

Mgebuka77

Pole mkuu. Ilinitokea mwaka juzi, dawa yake ni dakika moja:

```
mdadm --create /dev/md0 --level=5 --raid-devices=4 --assume-clean /dev/sd[bcde]1
```

Itakuuliza kama uendelee, jibu y. Mount, data hizo hapo. Usiogope.

FundiIsevya

Mwenye uzi, kama hiyo amri ya Mgebuka hujaiandika, usiiandike. Kama umeshaiandika, sema sasa hivi wala usione haya, maana njia itabadilika.

--create haimaanishi "washa". Inaanzisha kundi jipya. Inaandika superbloku mpya (rekodi ya kundi iliyo kwenye kila diski) juu ya zile za zamani, na yale ambayo hujaitajia inajijazia yenyewe: ukubwa wa chanki (kipande cha data kinachowekwa kwa kila diski kwa zamu), sehemu data inapoanzia, nani wa kwanza nani wa pili. Ukipatia yote, data inaonekana. Ukikosea moja tu, ext4 (mfumo wa faili zako) haionekani, na ile karatasi iliyokuwa na mpangilio wa kweli umeshaichana. Niliwahi kuletewa mashine hapa Tabora iliyopitia kwa watu watatu, kila mmoja amefanya --create kwa mpangilio aliouota yeye. Nilikaa nayo siku tisa na tulichookoa ni nusu.

Maswali yako ni mepesi. (S) isikutishe. Kundi likiwa inactive, kerneli (kiini cha Linux) haijampa yeyote nafasi yake, kwa hiyo wote wanaandikwa hivyo. Na hiyo 4 ni kawaida ya mdadm. Unapounda RAID 5 inaanza na diski zote pungufu ya moja, ile ya mwisho inaingizwa kama ya akiba na kujengwa hapo hapo, ndiyo maana inapewa namba inayofuata. Nafasi yake halisi bado ni 3. Diski ya tano haipo.

Niletee hizi, zote ni za kusoma tu, haziandiki chochote:

```
mdadm --examine /dev/sd[bcde]1
smartctl -a /dev/sdb      # kisha sdc, sdd, sde
smartctl -l scterc /dev/sdb   # hivyo hivyo kwa zote
```

Na ukishamaliza, acha mashine ilivyo. Usijaribu "kitu kimoja kidogo".

BintiKibirizi

Sijaiandika, nilikuwa nimeinakili tayari nikasita kwenye y. Na mimi si mkuu jamani, ni dada.

Nimefupisha:

```
        Update Time           Role   State   Events
sdb1    Fri Sep 12 19:42:31     0    AA..    48213
sdc1    Fri Sep 12 19:42:31     1    AA..    48213
sdd1    Fri Sep 12 19:41:58     2    AAA.    48209
sde1    Sun Jun  1 04:12:07     3    AAAA    31877
```

SMART (ripoti ya afya ya diski): sdb na sdc ni sifuri tupu. sdd ina UDMA_CRC_Error_Count 312, nyingine zote sifuri. sde ina Reallocated 8 na Current_Pending_Sector 24. Kwenye scterc (kikomo cha muda wa diski kuhangaika na sekta mbovu), sdb na sdc zinasema 70 na 70, sdd na sde zinasema "not supported".

Hiyo Juni ndiyo nini? Saa ya mashine ina kichaa?

FundiIsevya

Saa ni nzima, dada. Isome hiyo Events kama daftari la mahudhurio. Kila kundi linapobadilika hali, kila diski iliyopo inaongezewa namba. sdb na sdc wapo mpaka dakika ya mwisho. sdd amechelewa mstari, namba nne tu. sde ni mtoro, hajaonekana darasani tangu tarehe 1 Juni. Na angalia safu ya State: yeye bado anadhani wenzake wote wanne wapo, AAAA, maana tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia kitu. Yaani tangu Juni umekuwa ukikimbia na diski tatu, na RAID 5 ikibaki na tatu kati ya nne haina tena ulinzi wowote. Ijumaa umeme ulipoyumba sdd naye akaanguka. Wawili pungufu, mdadm ikakataa kuwasha, na ilikuwa sahihi kukataa.

Kwa nini Juni, tena saa kumi usiku? Tarehe 1 Juni ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Ubuntu huwa inaanza ukaguzi wa RAID nzima usiku huo, kila sekta inasomwa. sde ana sekta mbovu. Kwa kawaida hilo si msiba: md (sehemu ya kerneli inayoendesha RAID) ikikosa sekta inaikokotoa kutoka kwa wengine watatu na kuiandika upya palepale, diski inaihamishia kwenye sekta ya akiba, maisha yanaendelea. Lakini diski za mezani za bei ya kawaida zikikutana na sekta mbovu huwa hazikubali kushindwa haraka. Zinarudia kuisoma dakika moja, mbili na zaidi. Kerneli inasubiri sekunde 30 tu. Zikipita inasema diski imekufa, inakata mawasiliano na kuanza upya, na md inamtupa nje. Diski yenye scterc ya 70 inakiri kushindwa baada ya sekunde 7, kwa hiyo haifiki huko. sde hana uwezo huo.

sdd ni kesi nyingine kabisa. Sekta zake ni nzima. Hiyo CRC 312 ni makosa ya njiani kati ya diski na ubao, si ya diski. Waya wa data, au plagi imelegea.

Kwa hiyo unao watatu wanaokutosha: sdb, sdc, sdd. sde hakikisha hagusi shughuli hii. Ukimwingiza kwa nguvu, data zake ni za Juni, wengine ni za Septemba, utapata keki ya harusi moja na bibi harusi wa nyingine kwenye faili moja. Ndiyo maana ile amri ya kuwataja wote wanne na --assume-clean (yaani chukulia wote wanakubaliana) ingekuumiza hata kama mpangilio ungepatia.

Mgebuka77

Fundi, basi nieleze mimi ilikubali vipi, maana sikudanganya.

FundiIsevya

Sijasema umedanganya. Diski zako zilikuwa ngapi, na zilianguka lini?

Mgebuka77

Tatu. Zote zilidondoka pamoja, pawa saplai ilizima.

FundiIsevya

Basi zote zilikuwa na daftari moja, na ulizitaja kwa mpangilio uleule, na mdadm ilikuwa ileile uliyoundia. Toleo lingine lingeweza kuweka mwanzo wa data mahali pengine. Ulivuka barabara umefumba macho na gari halikupita.

MzeeWaUvinza

Nasoma kimya kimya ila hapo kwenye sdd nina neno. Dada, umezipaje umeme diski nne kwenye kasha la mtumba? Pawa saplai za mashine hizo huwa na plagi mbili za SATA. Kama umetumia kigawanyio, kile cha kutoka plagi kubwa ya pini nne kwenda SATA, kifungue ukiangalie kwa tochi. Halafu kinuse.

BintiKibirizi

Mzee wangu shikamoo. Ninacho, na ndicho kinacholisha sdd na sde. Nimekivuta: plastiki upande wa sdd imegeuka rangi ya mawese, pini moja imezama ndani, na harufu ni ile ya soketi iliyoungua. Na mimi wiki zote hizo nilikuwa nasema hiki chumba kinanuka rangi mpya.

MzeeWaUvinza

Marahaba. Kitupe, usikifunge gundi. Hivyo vilivyomiminiwa plastiki kwa ndani ndivyo vinavyoungua. Tafuta kile ambacho waya zake zimebanwa na plagi inafunguka.

FundiIsevya

Mzee ameokoa nyumba, achilia mbali video.

Sasa kazi yenyewe. Badilisha kigawanyio na waya wa data wa sdd. Mtoe sde umweke kabatini. Kisha hatuzigusi hizo tatu moja kwa moja. Tunatandika nailoni juu ya meza: chai ikimwagika inabaki kwenye nailoni, kitambaa hakijui kitu. Unahitaji diski ya nje yenye nafasi, na iwe ext4, kwenye exFAT hili halifanyi kazi vizuri. Kumbuka majina ya sdb, sdc yanaweza kubadilika ukichomeka upya, kwa hiyo hakiki kwa --examine kwanza. Ingia kama root:

```
mdadm --stop /dev/md0
for d in sdb1 sdc1 sdd1; do
  truncate -s 20G /mnt/nje/$d.ovl
  L=$(losetup -f --show /mnt/nje/$d.ovl)
  echo "0 $(blockdev --getsz /dev/$d) snapshot /dev/$d $L P 8" | dmsetup create $d
done
mdadm --assemble --force --run /dev/md0 /dev/mapper/sdb1 /dev/mapper/sdc1 /dev/mapper/sdd1
```

Kila kitakachoandikwa kitaenda kwenye zile faili za .ovl. Ikiharibika, unafuta faili unaanza upya. Ikikubali, `fsck.ext4 -f /dev/md0` ikague mfumo wa faili, halafu mount kwa -o ro (kusoma tu) na uangalie kazi ya Ijumaa kwa macho yako, siyo majina ya faili tu. Cheza video.

Tegemea hasara kidogo: kilichokuwa kinaandikwa zile sekunde thelathini na kitu za mwisho.

BintiKibirizi

Siku mbili kimya, samahanini. Kigawanyio nilikikosa Kigoma mjini kote, nimekuja kukipata kwa kijana anayefungua mashine mbovu huko Gungu.

```
mdadm: forcing event count in /dev/mapper/sdd1(2) from 48209 upto 48213
mdadm: /dev/md0 has been started with 3 drives (out of 4).
```

Nilipoona "started" nilipiga kelele mpaka jirani muuza vitenge akaja na mwiko.

fsck ilirekebisha vitu kama kumi na kutupa faili mbili kwenye lost+found. Nimefungua video ya Ujiji: msafara wa kutoka nyumbani upo, ukumbini upo, keki ipo. Kilichoharibika ni kipande kimoja cha ngoma za mwisho, kinacheza sekunde kadhaa halafu picha inakuwa vigae. Hicho kadi yake sikuwa nimeifuta! Nimekishusha upya.

Sasa nanakili kwenye diski mbili za kuazima. Nimeanza na kazi ambazo wenyewe hawajachukua, halafu zilizolipwa nusu, na za mahafali mwisho.

FundiIsevya

Mpangilio mzuri huo, umewaza kibiashara. Ukimaliza kunakili: simamisha md0, ondoa tabaka zote kwa `dmsetup remove`, kisha losetup -d, na uwashe diski zenyewe kwa --assemble --force ileile, safari hii ukitaja /dev/sdb1 na wenzake. Rudia fsck.

Diski ya kuziba nafasi ya sde ninayo ya TB 2 hapa, nilishaipima. Nikiipakia kwenye basi kesho, utaipata. Ukiipata, igawe kama wenzake, halafu `mdadm --manage /dev/md0 --add`. Usifanye hivyo kabla ya nakala kukamilika, maana kujenga upya kunasoma sdb, sdc na sdd mwanzo hadi mwisho, na sekta moja mbovu kwa mmoja wao wakati huo haina wa kuifidia.

Na haya ya muda wa kusubiri, weka kwenye skripti ya kuwashia, kwa sababu mashine ikizimwa yanapotea:

```
smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdX           # kwa zinazokubali
echo 180 > /sys/block/sdX/device/timeout    # kwa zinazokataa
```

Kwenye fstab tumia UUID (namba ya utambulisho) na nofail, ili siku nyingine mashine iwake hata kama kundi halijaamka. Ongeza mstari wa `mdadm --detail --scan` kwenye /etc/mdadm/mdadm.conf kisha update-initramfs -u, la sivyo utaamka ukute md0 inaitwa md127.

Swali langu moja: diski imetoka Juni, umeijua Septemba. mdadm ilikuwa inakutumia taarifa wapi?

BintiKibirizi

Kwa root. Nimeangalia leo, MAILADDR imeandikwa root, na mashine yenyewe haina programu ya kutuma barua pepe. Yaani ilikuwa inanong'ona ukutani miezi mitatu.

Mgebuka77

Dada, kwenye mdadm.conf kuna mstari wa PROGRAM. Unaweka skripti yoyote, tukio likitokea inaiita na kuipa jina la tukio na jina la kundi. Mimi yangu inatuma ujumbe Telegram. Kuijaribu ni `mdadm --monitor --scan --oneshot --test`. Hili nimelihakiki kwanza kabla ya kuandika.

BintiKibirizi

Ahsante Mgebuka, tumeyamaliza. Intaneti yangu inakatika kuliko umeme, kwa hiyo skripti yangu inapiga sauti kwenye spika za studio. Sauti niliyokuwa nayo karibu ni vigelegele vya harusi ya Kasulu, nimeviweka virudie mara ishirini. Nilipojaribu, mteja aliyekuwa anachagua picha ya pasipoti akaanza kupiga makofi.

Fundi, diski imefika salama ndani ya sponji na gazeti. Asali sikuiomba ila imepokelewa. Dagaa wako wanapanda basi Alhamisi, nimewakaushia mwenyewe.

Mama wa bwana harusi amechukua fleshi yake jana. Ameiangalia yote palepale dukani, saa mbili na dakika kumi, halafu akaniuliza kwa nini shangazi yake wa Kibondo ameonekana mgongo tu. Sikumwambia chochote kuhusu sdd.

Betri ya UPS nimenunua, imewekwa leo asubuhi. Kikombe cha chai nimekihamishia juu ya sde.

```
[============>........]  recovery = 61.3% finish=127.4min speed=98896K/sec
```

Nimezima feni ili niwasikie. Umeme upo.